Hezroni na Jalada la Kamera

Hebu mfikirie Hezroni anafika nyumbani kwake. Ni saa nane mchana, Same mjini, mwezi wa tisa, jua lile linalowafanya mbwa wagombanie kivuli cha nguzo ya umeme. Bodaboda inasimama mbele ya geti, anashuka mwanamume wa miaka hamsini na nne, mwembamba, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka shingoni kama anakwenda ibadani. Mikononi ana kiroba cha tangawizi. Kilo ishirini nzima. Yeye ambaye hanywi chai ya tangawizi, na tangawizi ikitwangwa nyumba ya pili anapiga chafya! Amekikumbatia kiroba chake kama mtu aliyebeba mtoto mchanga aliyelala, na anapofika barazani anakiweka chini kwa upole ambao tangawizi haijapata kufanyiwa tangu iumbwe.

Mke wake, Dorkas, alikuwa barazani anachagua mchele kwenye ungo. Aliinua macho mara moja tu.

"Baba Irine, hiyo tangawizi ya nani?"

"Yetu."

"Ya kazi gani?"

"Ya afya."

Dorkas hakudanganyika. Ameishi na Hezroni miaka ishirini na sita, anamjua anavyokohoa akiwa na mafua na anavyokohoa akiwa na jambo. Akaweka ungo chini, akafungua kamba ya kiroba, akazamisha mkono mpaka kwapani, akapapasa huko ndani taratibu kama mkunga. Akatoa boksi. Akalifungua. Ndani mlikuwa na lenzi ya kamera, nyeusi, nene, ndefu kama chupa ya chai.

"Na hii nayo," akauliza, "ni ya afya?"

Sasa, kabla hujamcheka sana, ngoja nikwambie alikotokea, maana mtu hafiki kwenye kuficha lenzi ndani ya tangawizi kwa siku moja. Ni safari ndefu, na kila kituo kina risiti yake.

Hezroni Mshana ni karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali pale mjini. Kazi yake ni majalada: linaingia, linatoka, linarudi, linapotea, anaulizwa yeye. Ni mtu wa kubana hela hasa. Viatu alivyofungia ndoa ndivyo alivyovaa kwenye kipaimara cha binti yake Irine, na alivipiga rangi tu siku hiyo kwa sababu askofu alikuwa anakuja. Kiberiti kikiisha nyumbani kwake, huulizwa kiliwashwa mara ngapi. Ukimwona dukani anavyoshika shilingi mia tano, utadhani anaagana na ndugu anayekwenda ng'ambo.

Ila kwenye kamera, ule mkono wa birika ulifunguka, ukawa bomba lililopasuka.

Ilianza mwaka 2003. Watu wa utafiti walikuja kwenye msitu wa Chome, huko mlimani kwao Hezroni, naye akapewa kazi ya kuwasindikiza kwa kuwa anavijua vichochoro vya kule tangu utoto. Mmoja wao akamfungulia kitabu, akamwonyesha ndege mdogo wa manjano, mwenye pete nyeupe kuzunguka jicho kama mwalimu aliyevaa miwani. Akamwambia ndege huyu anaishi milima hii ya kwenu tu, kwingine kote duniani hayupo.

Hezroni alishtuka. Ndege yule alikuwa akimlenga kwa manati akiwa mdogo! Miaka yote alimhesabu kama ndege tu, kumbe alikuwa jirani ambaye dunia nzima haina mwingine kama yeye. Akaapa moyoni kwamba atampiga picha. Picha moja tu, safi, jicho linaonekana na pete yake.

Picha moja. Ukisikia mtu anasema moja, kaa chonjo.

Kamera ya kwanza aliinunua Moshi, mtumba, ya filamu, shilingi elfu arobaini na tano. Filamu moja picha thelathini na sita. Alipanda mlimani siku ya mapumziko, akalala chali kwenye majani mabichi kutwa nzima, akarudi na kikohozi na filamu imeisha. Filamu ikapelekwa Moshi kusafishwa, akasubiri wiki mbili, akaifuata mwenyewe kwa basi. Picha thelathini na tano zilikuwa za majani. Ya thelathini na sita ilikuwa ya majani pia, ila kwenye kona palikuwa na kitu cha njano ukubwa wa punje ya mahindi, kimetikisika.

Akamkimbizia Dorkas. Ndoa ilikuwa bado changa.

"Unamwona?"

"Namwona nani?"

"Ndege!"

Dorkas akaitazama ile picha, akautazama uso wa mumewe ulivyong'aa, huruma ikamshika. "Namwona," akasema. "Mzuri."

Uongo ule, Dorkas husema mpaka leo, ndio uliomtoa hela kuliko dhambi zake nyingine zote akizijumlisha.

Maana Hezroni alipata nguvu. Miaka saba akanunua filamu, akasafisha majani. Kisha zikaja kamera za kisasa, akarudi na moja kutoka Arusha, laki tatu na themanini elfu, akamketisha mkewe kwenye kiti, akamweleza kama mtu anayehubiri. "Mama Irine, hii haina filamu. Haina kusafisha. Ukishanunua, umemaliza."

Umemaliza! Ile kamera ilikula betri kama nzige anavyokula mtama. Ikataka kadi ya kuhifadhia picha. Kadi ikajaa, ikataka kompyuta. Kompyuta ikaingia virusi, ikataka fundi. Fundi akasema picha zihamishiwe kwenye diski, diski ikanunuliwa, na baada ya mwaka fundi yuleyule akasema diski moja si salama, lazima ziwe mbili, kwa sababu moja ikifa nyingine inabaki. Dorkas akauliza mbona wao wenyewe wana nyumba moja tu na hawajafa.

Na ndege? Ndege alionekana sasa, ndiyo, lakini kwa mbali, mdogo, kama kipande cha ganda la limau kilichorushwa mtini. Tatizo, Hezroni aligundua, ni kamera.

Akanunua nyingine. Hii ilikuwa kubwa, ya kuvutia, milioni moja na laki moja na nusu, alikopa chama cha kuweka na kukopa akalipa miaka miwili. Alipofika nayo nyumbani na kuifungua, akaona ina tundu mbele. Akampigia simu aliyemuuzia. Akaambiwa, mzee, huo ni mwili, lenzi inauzwa peke yake. Ni kama kununua baiskeli, ukafika nyumbani ukaambiwa magurudumu ni bei nyingine. Hezroni alikaa siku tatu bila kusema na mtu. Siku ya nne akauza mbuzi wawili akanunua lenzi fupi.

Halafu ukungu wa mlimani ukaingia kwenye lenzi, ukaota kuvu. Wewe hukujua kioo huota kuvu? Naye hakujua. Fundi wa Arusha alimsafishia kwa laki na ishirini, akamshauri aitunze mahali pakavu, hata ndani ya mchele, mchele hunyonya unyevu. Basi Hezroni akawa anaifukia kwenye ndoo ya mchele ya Dorkas bila kumwambia Dorkas. Siku moja mchungaji alikuja kula chakula cha mchana, ukapikwa pilau, na katikati ya sahani ya mchungaji kukatokea kitu cheusi, cha duara, kimeiva vizuri na viungo vyote. Mchungaji akakigeuza kwa kijiko. Akaona maandishi. Hezroni akakaza macho kwenye picha ya ukutani. Ilikuwa ni kofia ya lenzi. Mchungaji ni mtu wa neema. Akaiweka pembeni pamoja na mifupa akaendelea kula, lakini tangu siku hiyo akija huomba ugali.

Kwa yote hayo, Hezroni alitunza risiti. Karani wa masijala hatupi karatasi. Alifungua jalada la kahawia, akaliandika juu KAM/01, akazifunga risiti zote kwa kamba ya kijani, kila ukurasa na namba yake. Hakuwahi kujumlisha. Kazi ya masijala ni kutunza. Kujumlisha ni kazi ya uhasibu.

Sasa turudi barazani, kwenye ile lenzi iliyotoka ndani ya tangawizi. Ilikuwa lenzi ndefu, ile ambayo Hezroni aliamini ingemleta ndege mpaka kwenye kiganja. Milioni moja na laki nane na nusu, akiba ya miaka minne na posho zote za kikazi.

Dorkas hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliirudisha lenzi kwenye boksi lake, akarudi kwenye ungo, akasema huku anapepeta: "Nimekuomba tenki la maji mwaka wa tatu sasa. Kila mwaka unaniambia hali ngumu. Bomba linatoa maji linapojisikia. Natoka na madumu alfajiri, mgongo huu hapa unauona. Vuli imebakiza wiki chache ianze, mvua itanyesha kwenye bati letu, itamwagika, itakwenda zake kwa jirani. Uza kamera na hilo dude lake, tununue tenki."

Na mnunuzi Dorkas alikwishampata. Ni Salha, jirani wa mtaa wa pili, mwenye biashara ya kukodisha turubai, viti na spika za harusi. Alikuja jioni ileile na kanga yake begani, akaishika kamera, akaichungulia, akaigeuza.

"Kaka Hezroni, mali hii. Harusi zangu zote naajiri mpiga picha kutoka Moshi, anakula pilau kuliko bwana harusi. Kamera na lenzi zote, nakupa milioni na laki nne, mkononi, leo."

"Nifikirie, dada Salha."

"Fikiria. Lakini Jumamosi nakwenda Dar kufuata mzigo. Basi langu saa kumi. Ukinipigia kabla ya saa kumi, nakutumia hela kwa simu, kamera nitaikuta kwa Mama Irine. Ukichelewa, nanunua nyingine hukohuko. Mimi silii kamera."

Hapo jambo lilikuwa rahisi. Ama auze, ama akatae, agombane na mkewe siku mbili, yaishe. Lakini Hezroni ni Mpare. Watani wetu nchi nzima wanasema Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Wanatuzulia. Ila Hezroni, wiki ile, aliwapa ushahidi.

Alihesabu hivi. Huko Chome, ukoo wao una nyumba arobaini na tano. Kila harusi, kila kipaimara, kila msiba, kwa miaka yote hiyo, yeye ndiye aliyepiga picha. Hakumtoza mtu hata senti. Basi ana mashahidi nyumba arobaini na tano! Akamwambia Dorkas: "Mama Irine, jambo hili ni kubwa, haliamuliwi barazani. Nalipeleka kwenye kikao cha ukoo."

Dorkas akamgeukia. "Mimi niliomba tenki, sikushtaki mtu. Lakini wewe ndiye umetaka kikao. Twende."

Jumamosi ikafika. Wakapanda na gari la asubuhi, Hezroni na kamera kifuani, lenzi mpya imechomekwa, jalada KAM/01 kwapani. Alivaa tai.

Kikao kilikaa uani kwa Mzee Eliezeri, baba mdogo wake Hezroni, ambaye ndiye mwenyekiti. Liligombewa kwanza suala la sufuria kubwa la ukoo, kwa sababu mtu alilikopa kwenye kipaimara akalirudisha lina ukoko. Unajua koo zetu huwa na vyombo vya pamoja: sufuria, viti, turubai, vinaandikwa kwenye daftari, mwenye shughuli anachukua, anarudisha safi. Suala la ukoko lilikula saa tatu kamili, na mwenye ukoko akakata rufaa palepale. Chakula kikaliwa. Ndipo Mzee Eliezeri akasema: "Agenda ya pili. Kamera."

Hezroni akasimama, akarekebisha tai. "Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba."

"Mimi sikuja kujificha. Kuna watu watasema nimefuja mali ya nyumba. Mimi nasema kila shilingi ipo humu." Akaliinua jalada juu, kama Musa na zile mbao. "Kila shilingi!"

"Vizuri sana," akasema Elibariki. Huyu ni binamu yake, mweka hazina wa ukoo, mwalimu wa hesabu mstaafu. Alikwishatoa simu, kidole kiko kwenye kikokotoo. "Soma, mimi najumlisha."

Hezroni hakuwa amelitegemea hilo. Alileta jalada lionekane, si lisomwe. Lakini wazee wamekaa, wamemkodolea, afanyeje? Akaanza kusoma. Filamu. Kusafisha. Nauli Moshi. Betri. Betri. Betri. Kadi. Fundi. Diski. Diski ya pili. Kuvu.

"Kuvu?" akauliza Mzee Eliezeri. "Ulinunua kuvu?"

"Niliitoa, baba mdogo."

"Kuvu inatolewa kwa laki na ishirini? Mimi hapa miguuni ninayo, ningekutolea kwa soda."

Akaendelea. Ukurasa wa arobaini na moja, sauti ikashuka. "Kiroba cha tangawizi, elfu thelathini."

Elibariki akainua kichwa. "Tangawizi inaingiaje kwenye kamera?"

"Ni ufungashaji."

Uani pakalipuka kicheko, mpaka kuku wakatimka. Dorkas peke yake hakucheka. Elibariki alipomaliza kubonyeza, aliitazama simu, akaifuta kioo kwa shati, akatazama tena.

"Milioni saba, laki nne na themanini na sita elfu."

Kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Hezroni mwenyewe alikaa chini bila kuambiwa. Unaweza kubeba kitu miaka ishirini na moja usijue uzito wake, kwa sababu ulikipakia kidogokidogo. Dorkas alimgeukia polepole. Alijua ni nyingi. Hakujua ni nyingi hivyo.

"Matenki matano," alisema, kama anasema peke yake. "Na chenji inabaki."

Hezroni akaona maji yamemfika shingoni, akakimbilia kwenye silaha yake. "Lakini ndugu zangu! Nani hapa sijampiga picha? Harusi zenu, vipaimara vyenu! Niliwahi kumtoza nani?"

"Ehe!" Sauti ilitoka upande wa akina mama. Ni shangazi Raheli, dada mkubwa wa marehemu baba yake, mwanamke mwenye miaka themanini na ulimi wa miaka ishirini. "Hapo ndipo nilipokuwa nakungoja, mwanangu. Ulinipiga picha harusi ya mjukuu wangu, nimevaa gauni la zambarau. Iko wapi?"

"Ipo, shangazi."

"Wapi?"

"Kwenye diski."

"Na diski?"

"Iko Same. Kabatini."

"Kumbe niko Same!" Shangazi akawageukia wenzake. "Jamani, niko Same mwaka wa tisa huu, nimefungiwa kabatini, na mimi nalima hapa sina habari!"

Basi ikawa kama amefungua mlango wa zizi, wote wakadai kwa pamoja. Mimi ya kwangu iko wapi? Ya marehemu mama je? Uliniambia nitabasamu, nikatabasamu mpaka shavu likakaza, hata sikuiona! Hezroni akaelewa, akiwa amechelewa, kwamba hakuja na mashahidi arobaini na tano. Alikuja na walalamikaji arobaini na tano, tena kamnunulia Elibariki vocha ya kuwaita.

Shangazi hakuwa amemaliza. "Umepiga picha ngapi kwa jumla?"

"Kama elfu kumi na moja."

"Za mkeo?"

Hezroni akaanza kupekua jalada.

"Nimekuuliza, za huyu Dorkas ngapi?"

"Nne."

"Elfu nne?"

"Nne, shangazi." Akafunga jalada. "Moja amefumba macho. Moja ni mgongo."

Hakuna aliyecheka. Mzee Eliezeri akamwambia: "Hebu tuambie, mwanangu. Unatafuta nini na hiki kitu?"

Hezroni akasema bila kusimama, bila tai kukaa sawa. "Baba mdogo, mimi tangu ujana nafunga karatasi za watu wengine. Viwanja vya watu, kesi za watu, uhamisho wa watu. Jalada langu mwenyewe ni hili moja. Nikiwa kule msituni nimeweka jicho kwenye kamera, namsubiri yule ndege, hakuna anayeniuliza jalada liko wapi. Ni hilo tu. Sina lingine la kusema."

Dorkas aliangalia chini. Alichora kitu kwa kidole cha mguu kwenye vumbi, akakifuta.

Wazee wakajitenga nyuma ya banda la ng'ombe. Wakarudi baada ya nusu saa, na Mzee Eliezeri akatoa uamuzi akiwa amesimama na fimbo yake.

"Kamera haitauzwa."

Hezroni aliruka kama ametekenywa.

"Kaa chini, sijamaliza. Haitauzwa kwa sababu sisi tumo humo ndani. Huwezi kutuuza kwa mwenye turubai. Sasa, mkwe wetu Dorkas ana haki ya tenki. Ukoo utachanga. Nyumba arobaini na tano, elfu thelathini kila nyumba. Elibariki?"

"Milioni moja, laki tatu na nusu."

"Tenki na mifereji ya paa?"

"Milioni na laki tatu," alisema Dorkas. Hakuhitaji kikokotoo.

"Elfu hamsini inayobaki ni ya gari la kulibeba. Na kwa kuwa ukoo umechanga, kamera inakuwa ya ukoo. Itaandikwa kwenye daftari chini ya sufuria, viti na turubai. Hezroni ni mtunzaji. Kila harusi, kila kipaimara, kila msiba, Jumamosi zote, atakuja nayo kwa nauli yake, na picha atazisafisha awaletee watu mkononi. Na akitokea mwanaukoo anayeihitaji, atapewa, kama sufuria. Ataitumia, ataiosha, atairudisha."

"Baba mdogo!" Hezroni alishika lenzi kwa mikono miwili. "Lenzi haioshwi!"

"Hata sufuria lile tuliambiwa haliharibiki," alijibu mzee, akamtupia jicho mwenye ukoko. "Elibariki, andika. Atie sahihi."

Elibariki akaandika ukurasa mzima kwa mwandiko wake wa ubaoni, akaligeuza daftari, akaweka kalamu juu yake. Saa ilikuwa kumi kasoro dakika kumi. Na ndipo simu ya Hezroni ikatetemeka mfukoni. Akaitoa. Salha.

Akaiacha itetemeke kiganjani. Upande huu, kalamu: akitia sahihi, kamera inabaki kifuani mwake, lakini Jumamosi zake za kumsubiri ndege zimekwisha, na siku moja atamkuta kijana wa ukoo anaifuta lenzi kwa jivu na sabuni ya mche. Upande ule, simu: akipokea, kamera inakwenda harusini kwa Salha moja kwa moja, ila hela ni yake, tenki amelinunua yeye, Jumamosi ni zake, na mlimani anapanda mikono mitupu.

Alimgeukia mkewe. "Mama Irine. Nifanyeje?"

Dorkas alikwishasimama, anajifunga kanga vizuri kwa safari ya kurudi.

"Mimi niliomba tenki," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali tena. "Huku kuna tenki na kule kuna tenki. Kwa hiyo hapa tulipofika, Baba Irine, swali si langu."

Simu ilikuwa inatetemeka mara za mwisho, daftari limefunguliwa, shangazi Raheli amenyoosha shingo aone. Ungekuwa wewe ndiye umekaa pale kwenye kigoda cha Hezroni, ungeshika kalamu, au ungepokea simu?